Babu Mmoja, Wajukuu Kumi na Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni dukani kabla hujalisoma, nikukumbushe kwa ufupi, maana matatizo yangu hayana subira.

Mimi ni mwandishi wa fomu. Nina meza, kiti, mwavuli na mashine ya kuchapa, na nakaa nje ya ukuta wa ofisi ya uandikishaji. Watu huniita Karani, ingawa serikali haijawahi kuniajiri hata kwa saa moja. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, amechaguliwa kuingia chuo cha uuguzi. Anatakiwa aripoti na kitambulisho kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nilikuachia pale bahasha yake iliporudishwa na muhuri mwekundu: ASILI YA BABA HAIJATHIBITIKA. BABA NA BINTI WAFIKE JUMATATU.

Baba mwenyewe ndiye mimi.

Leo nakiri jambo ambalo wiki iliyopita niliruka makusudi. Nilitaka kwanza unionee huruma.

Ile fomu ina kurasa sita, na balaa lote liko ukurasa wa nne, unaoitwa Maelezo ya Ukoo. Hapo unaulizwa kuhusu babu yako mzaa baba: jina lake, kazi yake, alama mwilini, na alipozikwa. Wengi hunitajia bila kupepesa macho, wengine hata wananiongezea hadithi nisizohitaji. Lakini kila wiki hakosi mmoja anayefika ukurasa wa nne akaanza kutoka kijasho chembamba. Mtu aliyelelewa kituo cha yatima. Mtu ambaye baba yake aliondoka kabla hajazaliwa. Mtu ambaye akimuuliza mama yake, mama analia, basi kaacha kuuliza.

Kijasho hicho nakijua vizuri, kwa sababu ni changu. Mwanamke aliyenilea, ninayemwita Mama, nilimuuliza tangu nikiwa mdogo nimetoka wapi. Jibu lake lilikuwa moja: "Umetoka kwangu. Kula unyamaze."

Kwa hiyo miaka ishirini iliyopita, nilipojaza fomu yangu mwenyewe, nilijibunia babu. Nikaandika: fundi saa, hana kidole gumba cha mkono wa kushoto, amezikwa nyuma ya ghala la mbao. Maneno yalinijia tu, sikuyatafuta. Fomu ikapita.

Mwezi uliofuata akaja mteja akatoka jasho kwenye ukurasa wa nne. Nikampa babu yangu. Akaja mwingine, naye nikampa. Jina nilikuwa nabadilisha kila mara, mimi si mpumbavu kiasi hicho. Lakini kazi, kidole na kaburi nikaviacha vilevile kwa uvivu. Nani angesoma? Mafaili yalikuwa yakiingia kabatini na kubaki huko na panya.

Mwaka huu wameleta kompyuta. Kompyuta haina uvivu.

*

Jumatatu asubuhi tuliingia, mimi na binti yangu, kwa afisa wa meza ya tatu. Sisi wa nje ya ukuta tumempa jina la Bwana Kiambatanisho, kwa sababu hata ukimsalimia atakuuliza kiambatanisho kiko wapi. Ni mtu mkavu, shati limenyooka, miwani imefungwa uzi.

Hakutukaribisha kiti. Alianza kupanga mafaili mezani, moja baada ya jingine, mpaka meza ikajaa.

"Karani, wewe ni msomaji," akasema. "Nisomee hapa."

"Fundi saa."

"Na hapa?"

"Fundi saa."

"Kidole gumba cha kushoto?"

"Hana."

"Na huyu wa pili?"

"Hana pia, mzee."

"Mafundi saa kumi na saba," akasema, akivua miwani. "Majina kumi na saba, na hakuna hata mmoja mwenye kidole gumba cha kushoto. Wote wamezikwa nyuma ya ghala moja la mbao. Karani, pale nyuma ya ghala kuna nafasi ya kuzika watu kumi na saba?"

"Inategemea walivyopangwa," nikasema.

Mdomo wangu huwa hauna adabu ninapoogopa. Binti yangu alinikanyaga mguu.

Bwana Kiambatanisho hakucheka. Alirudisha miwani.

"Kuna mawili," akasema. "Ama mtu huyu ni mmoja, kila mjukuu akaandika jina analolijua, na nyinyi wote ni ukoo mmoja. Ama hayupo, na hapa nina vitambulisho kumi na saba vya uongo, chako kikiwemo. Chako kikifa, cha binti yako hakizaliwi."

"Ni mmoja!" nikadakia kabla hajafunga mdomo. "Ni babu yetu. Sisi ni ndugu."

"Ndugu na hawa kumi na sita?"

"Ndugu kabisa, mzee."

"Vizuri. Jumatano niletee mmoja wao, aseme mbele yangu."

Nilitoka nje. Nikadhani binti yangu amenishtukia. Kumbe! Nilipomgeukia nilimkuta analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Baba! Watu kumi na sita! Na watoto wao! Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

Sasa elewa kitu hiki. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na upande wa mama yake hawatutembelei. Siku niliyokwenda kuposa waliniuliza, "Kijana, wewe ni wa nani?" nikatazama viatu vyangu. Hawakunisamehe viatu vile. Kwa hiyo mtoto huyu amekua hana shangazi, hana ami, hana binamu wa kugombana naye. Shuleni alipoambiwa achore familia yake, alichora watu watatu: yeye, mimi na bibi yake.

Pale pale ningemwambia. Badala yake nikamwambia twende nyumbani.

*

Jumanne nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Jina lake la mtaani ni Cheche. Ni wa tano katika wale kumi na sita, na nilimchagua kwa sababu ana roho nzuri na mdomo mwepesi. Nilimkuta anaunga geti la mtu.

"Nakuhitaji uwe ndugu yangu," nikamwambia.

Akanyanyua kinyago cha kuchomelea. "Tangu lini?"

"Tangu tulipojaza fomu."

Nikamweleza yote. Mafaili, kompyuta, Jumatano. Nilitegemea anitukane. Alizima mashine, akakaa juu ya kipande cha chuma.

"Unajua," akasema, "mimi nimelelewa kituoni. Miaka yote mtu akiniuliza, wewe wa wapi, nilikuwa napata homa. Siku ile nikakwambia ukurasa wa nne umenishinda. Ukaniambia, usihangaike, nitakupa babu. Ukanipa. Tangu siku ile nikiulizwa najibu bila kutetereka. Watoto wangu wanamjua yule mzee. Mkubwa anasema akimaliza shule atajifunza kutengeneza saa."

"Kwa hiyo utakuja?"

"Nitakosaje? Babu ni babu. Hebu tufanye mazoezi. Alikuwa mkali?"

"Alikuwa mpole."

"Mpole sitaki. Mimi huwa nawaambia watoto alikuwa mkali, ila anacheka haraka."

"Cheche, mtu huyu hayupo. Mpole, mkali, kuna tofauti gani?"

"Basi kama hakuna tofauti, awe mkali."

Tulibishana juu ya tabia ya mtu asiyekuwepo mpaka wapita njia wakaanza kusimama. Nikakubali awe mkali. Na katikati ya mabishano hayo, nani akatokea? Binti yangu, kavaa gauni lake la sikukuu, kashika mfuko wa matunda kwa mikono miwili. Jina rasmi la Cheche alilisoma juu ya faili siku ile ya Jumatatu, akaulizauliza mtaani mpaka akafika.

Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba mdogo."

Cheche alipigwa na butwaa. Alifuta mkono kwenye ovaroli, akaufuta tena, ndipo akampa.

"Marahaba, mwanangu."

Binti yangu alipokwisha kuondoka, Cheche hakuurudisha mzaha. Alibaki anautazama ule mfuko wa matunda.

"Karani," akasema, "sasa hapa hatuigizi tena."

*

Jumatano Cheche alifika kabla yangu, ndani ya koti la kuazima lililomzidi mikono. Alianza yeye kuingia. Akakaa ndani nusu saa. Akatoka meno yote nje, akanipiga bega: "Nimempa babu, mpaka nikatokwa na machozi."

Nikaingia. Bwana Kiambatanisho akafunga mlango kwa ufunguo.

"Ndugu yako ameongea vizuri," akasema. "Vizuri kupita kiasi. Ananiambia babu alikuwa akimshika mkono kumpeleka shule. Lakini faili lake lina barua ya kituo kilichomlea. Alifikishwa pale ana wiki mbili. Hakutoka mpaka alipofika miaka kumi na sita."

Nilikuwa nimekalia kuti kavu tangu Jumatatu, sasa nililisikia linavunjika.

"Nisikilize, Karani," akaendelea, sauti imeshuka. "Mimi sina ugomvi nawe. Ijumaa wanakuja kunikagua, nataka mafaili haya yawe yamefungwa. Marehemu mkeo ukoo wao unajulikana mpaka kwa babu wa sita. Binti yako naweza kumwandika kwa upande wa mama, kesho asubuhi akapata kitambulisho. Lakini upande wa baba lazima ufungwe. Tia sahihi kwamba hujui ulikotoka."

Akanisogezea karatasi.

Unataka nikudanganye kwamba nilisita? Sikusita. Niliona chuo, niliona sare nyeupe, niliona Ijumaa saa sita. Nikasoma mstari wa kwanza: *Mimi niliyetia sahihi hapa sijui asili yangu.* Ukweli mtupu. Nikatia sahihi kwa kalamu yangu mwenyewe.

Akagonga muhuri. Kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, akanisomea mstari wa pili: "*Na fundi saa aliyetajwa katika mafaili kumi na saba hajawahi kuwepo. Maelezo yote niliyatunga mimi.*"

"Mzee!" nikaruka. "Na hawa kumi na sita?"

"Wataitwa. Vitambulisho vyao vinasimamishwa kuanzia leo."

"Hukuniambia hilo!"

"Wewe ni mwandishi wa fomu," akasema, akifungua mlango. "Nilidhani unasoma."

Mimi, niliyewaonya maelfu ya watu wasome kabla ya kusaini! Nilitoka pale nikiwa nyang'anyang'a. Na hapo ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko zote nilizowahi kukiri katika gazeti hili. Cheche alikuwa amesimama koridoni, amekunja mikono ya lile koti.

"Tumeshinda?" akauliza.

"Tumeshinda," nikamjibu.

Akanikumbatia. Nami nikamwacha anikumbatie.

*

Mchana huo nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Anashona vifungo vya mashati ya kiwanda, vifungo mia kwa siku, na kwa umri ule macho bado yanampenyezea uzi kwenye sindano bila miwani. Nilikaa mkekani pembeni yake nikatapika yote. Nilihitaji mtu anitukane.

Hakunitukana. Aliendelea kushona, kifungo baada ya kifungo, mpaka nilipofika kwenye kidole gumba. Mkono ukasimama.

"Nani kakwambia habari za kidole?"

"Nimebuni, Mama."

"Cha mkono wa kushoto?"

"Ndiyo."

"Na ghala la mbao?"

"Nimebuni yote, nakwambia."

Aliweka shati chini. Sijawahi kumwona Mama akiacha kifungo nusu.

"Hukubuni," akasema. "Ulikuwa mdogo, ulikuwa unasikia. Mimi nilidhani umesahau."

Nikamwambia sielewi. Akaniambia ninyamaze, basi, kama ninataka kuelewa.

Chumba cha pili kutoka kwake, miaka hiyo, walipanga mzee na kijana wake. Mzee alikuwa fundi saa. Kidole kilikatika ujanani, na saa alizitengeneza vilevile, akizishikilia kwa kiganja. Walitoka ng'ambo ya mpaka, na nchi yenyewe akanitajia, hawana karatasi hata moja. Mke wa yule kijana alifariki siku aliyojifungua, na mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Mama alikuwa jirani tu, mwanamke asiye na mtoto, aliyezoea kunibeba wenyewe wakiwa kazini.

Ukaja mwaka wa kukamata wasio na karatasi. Kijana alikamatiwa kazini, akapakiwa kwenye lori, hakuonekana tena. Mzee akafichwa na mlinzi wa ghala la mbao, kifua kikambana huko ndani ya vumbi. Wiki ya tatu akafa.

"Tulimzika mimi na mlinzi," Mama akasema. "Mchana kweupe, nyuma ya ghala, misumeno ikiwa inanguruma, ili mtu asisikie jembe."

"Jina lake?"

"Tulimwita Fundi. Jina jingine hakulitaja. Jina lilikuwa hatari."

"Mama, mimi nina miaka arobaini na mitatu!"

"Nilikupeleka pale kila mwaka mpaka ulipofika miaka sita," akasema, kama hakunisikia. "Nilikuwa namsimulia habari zako, na mimi na mlinzi tukikumbushana habari zake, kidole na saa. Wewe ulifikiri tumekwenda kuokota vipande vya mbao vya kuwashia moto."

Nikakumbuka. Nilikumbuka mikono yangu imejaa vipande, nikamkumbuka Mama amesimama, anatazama chini, midomo inacheza. Miaka yote nilidhani alikuwa anahesabu mbao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ili ukiulizwa usijue. Mtoto asiyejua hana cha kusema, na asiye na cha kusema hapakiwi kwenye lori." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Nilikuficha, mwanangu. Sikukunyima. Nilikuficha."

Nililia kama mtoto, sioni haya kukwambia. Nilikuwa na babu. Nilikuwa naye tangu mwanzo, nikamgawa kwa watu kumi na sita, na asubuhi hiyo hiyo nikatia sahihi kwamba hajawahi kuwepo.

Nilipoinua uso, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Viatu mkononi. Sijui alifika lini, lakini uso wake ulisema amesikia ya kutosha.

"Kwa hiyo baba mdogo si baba mdogo," akasema.

"Si baba mdogo."

"Na yeye anajua umemsainia?"

Nikaokota shati la Mama, nikajifanya natafuta kifungo. Akasubiri. Akapita katikati yetu, akaingia chumbani kwa bibi yake, akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

*

Alhamisi asubuhi tulikwenda ofisini bila kuzungumza.

Kwenye benchi la nje ya meza ya tatu alikuwa amekaa Cheche. Hana koti tena. Ameshika barua ya wito iliyopelekwa kwake alfajiri, ikasomwa mbele ya mke na watoto. Nilijiandaa anivamie. Hakunivamia.

"Ungeniambia tumeshindwa," akasema. "Ningekuelewa."

Binti yangu akakaa pale pale ubavuni pake, akamshika mkono. Mimi sikuambiwa nikae, nikasimama ukutani mpaka tulipoitwa.

Bwana Kiambatanisho alikuwa na furaha, kwa kadiri yake. Kitambulisho kilikuwa mezani, kimeshapigwa plastiki, picha ya binti yangu anajizuia kucheka. Nilikiona nikahisi pumzi inanirudia.

"Mhusika ametimiza miaka kumi na minane, lazima athibitishe mwenyewe," akasema, akimsogezea karatasi. "Kwamba upande wa baba hana asili inayojulikana, na kwamba huyo anayeitwa babu hajawahi kuwepo. Sahihi hapo chini, mkachukue basi."

Binti yangu akaichukua, akaanza kusoma. Hakusoma kama baba yake. Alisoma kila mstari, akafika mwisho, akarudi juu.

Nikamwinamia sikioni. "Saini, mwanangu. Ijumaa ni kesho. Haya mengine niachie mimi."

Akaweka kalamu mezani.

"Hii si kweli," akasema.

Bwana Kiambatanisho akainua kichwa. "Nini si kweli?"

"Kwamba hajawahi kuwepo. Alikuwepo."

"Nani?"

"Babu wa baba yangu. Wale wengine walipewa tu, walikuwa hawana pa kutokea. Lakini mtu mwenyewe alikuwepo, na alikuwa wa kwetu."

Nilimshika mkono, akautoa. Mtoto huyu hakuelewa alichokuwa anafanya, au alielewa na akaamua hivyo hivyo, na sijui lipi lilinitisha zaidi.

Bwana Kiambatanisho alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena. Akakivuta kile kitambulisho upande wake wa meza, akakifunika kwa kiganja. Kwa mkono mwingine akachukua karatasi nyeupe isiyo na maandishi yoyote.

"Haya," akasema. "Alikuwepo. Alitoka wapi?"

Hilo ndilo swali. Mama alikuwa amenitajia nchi, na binti yangu, kule mlangoni, bila shaka alilisikia jina hilo kama nilivyolisikia mimi. Nikilitaja mbele ya mtu huyu, sisi si watu wenye asili isiyojulikana tena. Tunakuwa wageni. Chuo kinakwenda, kitambulisho changu kinakwenda, na Mama, aliyetuficha miaka arobaini, anakuja kuulizwa kwa nini alificha. Nikisema sijui, dakika kumi tu zinatosha, mtoto anatoka na kitambulisho chake, na yule mzee anabaki chini ya vumbi la mbao, ameuawa mara mbili.

"Karani," Bwana Kiambatanisho akasema, kalamu imeshagusa karatasi. "Nasubiri. Alitoka wapi?"

Binti yangu akanigeukia. Macho yalikuwa makavu kabisa.

"Baba," akasema, "safari hii usibuni."